Kadi Mbili za Dianah Waruguru

Ruiru,
9 Februari 2025

Kwa Cucu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, goti limetulia na kuku wanataga bila migomo. Mimi sijambo. Baba alipita hapa Jumapili iliyopita, akala chapati tano na kuniita "Maitu" mbele ya wageni, ikabidi nieleze tena kwamba mimi si mama yake ila nina jina la mama yake, na kwamba kwetu tofauti hiyo ni ndogo.

Leo sikuandikii kwa ajili tu ya kutimiza sharti lako la tangu kidato cha kwanza, la barua moja kila mwezi kwa Kiswahili kilichonyooka. Nina jambo. Mzee Mutisya, aliyenifundisha kazi hii ya kutengeneza meno ya bandia, anastaafu na kurudi shambani kwake Kilimambogo. Anauza karakana yake hapa Ruiru: tanuri la kuchomea meno ya kauri, mashine za kusagia na, kilicho bora zaidi, madaktari kumi na wanane wa meno waliozoea kumtumia kazi. Bei ni laki sita na arobaini elfu.

"Kuna jamaa wa Nairobi anayenipigia simu kila wiki," aliniambia. "Lakini yule atalitumia tanuri langu kama jiko la kuchomea mahindi. Nakupa wewe hadi mwisho wa Juni. Baada ya hapo mimi ni mkulima, usinisumbue na habari za meno."

Nilikwenda kwenye Sacco yetu mjini Thika. Afisa wa mikopo, Bi. Katunge, aliita rekodi yangu kutoka CRB, wale wanaotunza kumbukumbu za mikopo ya kila mtu, akanigeuzia kioo cha kompyuta. Alama zangu ni 561. Sacco inataka 600.

"Lakini sijawahi kuchelewa kulipa," nikamwambia.

"Hujachelewa, mama. Umejaa."

Akanieleza. Kadi yangu ya mkopo ina kikomo cha laki moja na sabini elfu, nami nadaiwa laki moja na hamsini na nane elfu, deni la wakati ule kliniki niliyofanyia kazi ilipofungwa nikaishi kwa kadi miezi saba. Anayeisoma rekodi hiyo anamwona mtu ambaye amebakiza hatua moja kugonga ukuta. Nikimaliza deni lote, na benki ikapeleka taarifa mpya kwa CRB mwezi mmoja, kisha wa pili, alama zitapanda. Zamu yangu ya kupokea fedha za chama chetu cha kuchangiana ni mwezi ujao. Nitalipa yote.

Ombi langu ni moja. Sacco inataka pia mdhamini, mwanachama mwenye rekodi safi. Simjui mtu mwenye rekodi safi kukushinda. Utanisimamia?

Mjukuu wako,
Waruguru


Ngoingwa, Thika,
17 Februari 2025

Wajina wangu,

Salamu zako zimefika. Goti linalalamika kwa kiasi. Kuku saba wanataga. Wa nane anakula bure na anajua kwamba ninamtazama.

Nimeisoma barua yako mara tatu na ninakupongeza kwa wazo la karakana. Umefanya kazi chini ya wengine miaka tisa. Inatosha.

Habari ya alama hizo imenishughulisha akili. Nilifundisha hesabu katika shule za Thika kwa miaka thelathini na sita, na kila alama niliyotoa niliweza kuieleza kwa mzazi. Kwa hiyo naomba unifafanulie, kwa ajili ya elimu tu: mtu anayelipa kile kiwango cha chini kinachotakiwa na benki, kila mwezi, kwa tarehe, asikose hata mara moja, yeye anahesabiwa vipi? Je, uaminifu wake haumwongezei chochote?

Kuhusu udhamini, jibu langu ni hapana. Nina sababu, na sababu hiyo haihusiani hata chembe na imani yangu kwako. Naomba usiniulize, wala usimwulize baba yako, kwa kuwa Karanja hajui lolote na akiulizwa atabuni.

Ulipe deni lako. Uhakikishe tarakimu kabla ya kutuma.

Cucu yako,
Dianah Waruguru


Ruiru,
12 Machi 2025

Kwa Cucu,

Habari za Ngoingwa? Yule kuku wa nane bado yuko hai? Huku sote wazima, na mimi ni zaidi ya mzima, kwa sababu juzi nimelipa!

Sitaficha kwamba hapana yako iliniuma siku mbili. Siku ya tatu nikajikumbusha kwamba hujawahi kunikatalia kitu bila sababu, hata uliponikataza kusuka nywele hadi nipite mtihani wa kidato cha nne. Mzee Mutisya amesema mkewe atakuwa mdhamini badala yako, ingawa Bi. Katunge alikunja uso alipoona hisa zake zilivyo chache.

Sasa sikia. Chama kilinikabidhi fedha zangu Jumapili. Kadi yangu ya zamani ilikuwa imekwisha muda na mpya ina namba nyingine ambayo bado sijaishika kichwani, lakini bahati nzuri Baba alikuwa ameniletea taarifa ya benki kutoka sanduku letu la posta hapo Thika. Nikachukua namba ya akaunti kutoka kwenye karatasi, nikaiingiza kwenye simu pamoja na kiasi kilichoandikwa: 161,450. Nilidhani ni laki moja na hamsini na nane, ila riba nayo haina likizo. Kabla ya kutuma, simu ikanionyesha jina: DIANAH WARUGURU GICHURU. Nikabonyeza. Nikakaa sakafuni nikacheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Swali lako la elimu nilimpelekea Bi. Katunge. Anasema kiwango cha chini humlinda mtu asiandikwe kuwa amechelewa, na hilo lina faida. Lakini deni lenyewe hubaki limesimama palepale, na alama hutazama ni sehemu gani ya kikomo iliyotumika. Mtu huyo si mkosaji, ila wenye kukopesha humwona bado amejaa. Tena sehemu kubwa ya anacholipa huliwa na riba. Mwambie rafiki yako huyo, yeyote yule, alipe zaidi kila anapoweza.

Mwisho wa Aprili naomba mkopo. Niombee.

Wako mwenye furaha,
Waruguru


Ngoingwa, Thika,
24 Aprili 2025

Waruguru, mwana wangu,

Sijui kama u mzima, maana nimeanza kuandika kabla ya kuuliza. U mzima? Naomba uwe mzima.

Juzi nilikwenda benki kulipa kiwango changu cha chini. Naam, changu. Kijana wa dirishani akatazama kioo, akanitazama mimi, akarudi kwenye kioo.

"Nyanya, huna deni."

"Kijana, soma vizuri. Mimi ni mwalimu."

"Nimesoma, Mwalimu. Kadi yako ililipwa yote tarehe kumi Machi. Tena wewe ulilipa nyingine mwisho wa mwezi. Sasa benki ndiyo inayodaiwa. Inadaiwa na wewe elfu nane na sabini na mbili."

Nikamuuliza nani aliyelipa. Akanisomea jina: Dianah Waruguru Gichuru. Nikamwambia kwamba huyo ni mimi na kwamba mimi sikulipa. Akasema kwa upole, kama unavyosema na mgonjwa, kwamba huenda nilisahau. Nilitoka nje, nikasimama penye kivuli cha duka la viatu, na hapo ndipo nilipoelewa ni nani mwingine duniani anayeitwa hivyo.

Basi wajua. Sijui ulijuaje, lakini wajua, kwa hiyo nitakueleza yote kwa utaratibu. Oktoba ya mwaka juzi, kwenye ruracio ya jamaa yetu Wanyoike, siku ya kupeleka mahari, niliuma mfupa wa mbuzi nikavunja meno mawili ya mbele, na daktari akasema mengine mawili ya jirani yang'olewe pia. Niliwaambia ninyi nyote kwamba nimekwenda mafungo ya maombi Nyeri wiki mbili. Nilikuwa chumbani mwangu, nikinywa uji kwa kijiko. Meno mapya yaligharimu laki mbili na tano elfu, nikayaweka kwenye kadi. Sikuja kwako kwa sababu ungekataa malipo yangu, nawe wakati huo ulikuwa huna kazi. Pia sikutaka wajina wangu anione bila meno. Sababu ya pili ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi.

Tangu hapo nimelipa kiwango cha chini kila mwezi bila kukosa, nikijiona mwadilifu. Ndiyo maana sikuweza kukudhamini. Ningesaini, Katunge angeiita rekodi yangu, na ningejaa mbele yako kwenye kile kioo.

Nawe hukusema neno. Ulilipa, ukaniandikia barua ya kuchekesha kuhusu "rafiki yangu", ukaacha nijifunze mwenyewe. Nimelia, jambo ambalo sikulifanya hata siku niliyostaafu. Asante, mama.

Cucu yako,
Dianah Waruguru


Ruiru,
2 Mei 2025

Kwa Cucu,

Natumaini goti halijambo na kuku nao hawajambo. Mimi pia sijambo.

Barua yako nimeipata. Usilie tena. Deni limekwisha, na jambo lililokwisha tuliache hapo. Ni mimi niliyepaswa kukushukuru miaka mingi kabla ya hii, kwa karo na kwa mengine. Tafadhali tusilizungumze tena.

Habari za karakana nitakuandikia baadaye. Kazi ni nyingi kidogo.

Mjukuu wako,
Waruguru


Ngoingwa, Thika,
9 Mei 2025

Wajina,

U mzima? Sikuulizi kwa desturi. Barua yako ya tarehe mbili ina mistari michache mno. Tangu mwaka 2009 hujawahi kuniandikia chini ya ukurasa mmoja, isipokuwa mara ile ulipofeli kemia.

Kwa hiyo nilivaa miwani yangu ya kusahihishia.

Kwanza, kiasi. Ulilipa 161,450 kamili, bila kuzidi wala kupungua. Anayemsaidia mtu kwa siri hutuma laki moja, au laki moja na nusu. Hawezi kulenga hadi shilingi hamsini ya mwisho asipokuwa ameiona taarifa yenyewe. Taarifa yangu ya Februari haikunifikia. Kiwango cha Machi nilikikokotoa mwenyewe. Pili, barua yako ya Machi, ambayo ninayo hapa, inasema ulilipa kadi YAKO, kwa kiasi hichohicho, siku hiyohiyo. Tatu, unaandika kwamba ulidhani ni laki moja na hamsini na nane, yaani deni lako ulilonitajia Februari.

Nikamwita baba yako. Alikuwa amekuja kunywa chai.

"Karanja, ile barua ya benki ya mwanzo wa Machi ulimpa nani?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Dianah Waruguru Gichuru, Mama. Si ndivyo ilivyoandikwa?"

"Na mimi naitwa nani?"

Alikuwa na kikombe mkononi. Mwanangu ana miaka hamsini na tatu, na sijawahi kuona mawazo yakipita usoni mwake polepole kiasi kile. Mwishowe akasema, "Aii, Mama, si wewe huna kadi!"

Basi. Benki moja, kwa kuwa mimi ndiye niliyekufungulia akaunti ukiwa na miaka kumi na miwili. Sanduku moja la posta. Jina moja. Na ulipoonyeshwa jina hilo kwenye simu, ulilisoma lote kwa uangalifu mkubwa, likawa sahihi kabisa.

Sasa jibu swali hili kwa ukweli, kama unavyonijibu siku zote. Kadi yako wewe ilibaki na deni gani, na Sacco imesemaje?

Cucu yako,
Dianah Waruguru


Ruiru,
14 Mei 2025

Kwa Cucu,

Hujambo? Mimi sijambo sana, lakini tangu barua yako ije napumua vizuri zaidi.

Yote uliyoandika ni kweli. Barua yako ya shukrani na jibu la Sacco vilifika wiki moja. Nilikwenda kwa Bi. Katunge nikiwa nimevaa lile gauni langu la kijani. Akageuza kioo: 478. Sio 600, Cucu. Zimeshuka! Nikamwambia kompyuta yake ni mgonjwa. Akasema, "Mama, hujalipa kadi yako miezi miwili." Deni limefika 174,900, pamoja na riba na faini, hata kikomo kimepitwa. Benki ilikuwa imenitumia jumbe za kunikumbusha. Nilizifuta zote nikidhani mtambo wao umechelewa kuona malipo yangu. Nilikuwa nimelipa, si ndiyo? Nilikuwa nimeona jina langu.

Nilirudi nyumbani nikaitoa ile taarifa kwenye droo, nikasoma tarakimu nne za mwisho za kadi. Hazikuwa zangu. Kisha nikaisoma barua yako tena, pale uliposema asante, mama. Nikaona heri karakana ipotee kuliko nikuandikie kwamba hukupewa zawadi, ila mjukuu wako hajui kusoma namba. Benki nayo ilisema haiwezi kurudisha: fedha zililipa deni halali la mtu halali.

Mzee Mutisya nilimweleza. Alicheka hadi akakaa chini. "Ninyi Wakikuyu mnajua kuhesabu pesa, lakini majina mnayo manne tu mnazungushiana! Sisi Wakamba mtoto akizaliwa mvua ikinyesha tunampa jina la mvua, hakuna wa kumlipia kadi." Nikamwambia nijuavyo mimi, huko Kilimambogo kuna akina Mutisya kama mia mbili. Akasema wote ni watu wazuri. Yule jamaa wa Nairobi ametoa arubuni, naye Mzee bado hajaipokea.

Na kuhusu meno yako, Cucu, naomba radhi kwa hili pia. Nilijua. Krismasi ya mwaka juzi ulicheka mara moja tu, Baba alipoangusha sufuria, nikayaona yote manne. Mimi hutengeneza meno. Hayo yalichomwa haraka, na ni meupe mno kuliko majirani zake. Nilinyamaza kwa sababu wewe ulinyamaza. Kadi ndiyo sikuijua.

Usihuzunike. Nitalipa kidogo kidogo, na tanuri jingine litapatikana siku moja.

Wajina wako,
Waruguru


Ngoingwa, Thika,
19 Mei 2025

Wajina wangu,

Mimi ni mzima na nimekasirika, hali mbili ambazo kwa umri wangu huendana vizuri.

Sijakukasirikia wewe. Nimekasirikia hesabu. Jana nilikaa na daftari. Katika miezi kumi na sita nimeilipa benki kiasi cha laki moja na arobaini na tano elfu, na deni langu lilipungua kwa 43,550. Riba ya kadi ni asilimia tatu na nusu kwa mwezi. Wakati huohuo, katika benki ileile, nina laki tatu za akiba maalumu zinazopata asilimia tisa kwa mwaka, nilizoziweka kwa ajili ya mazishi yangu ili nisimsumbue Karanja. Mwalimu wa hesabu wa miaka thelathini na sita alikopa kwa arobaini na mbili kwa mwaka ili asiguse fedha inayozaa tisa. Mwanafunzi wa darasa la saba angenipa sifuri na kuandika kwa wino mwekundu: tuonane.

Kwa hiyo leo asubuhi nimeivunja akiba hiyo. Kijana wa dirishani akauliza sababu ya kutoa fedha kabla ya muda. Nikamwambia nimeahirisha mazishi. Aliandika "matumizi binafsi".

161,450 zimetumwa kwako. Si zawadi; ni fedha zako, ulizonilipia bila kujua. Nimehakikisha tarakimu zote za namba yako mara mbili, nikamsomea kijana kwa sauti. Utaongeza mwenyewe 13,450 ili kadi ikamilike, na utalipa kabla ya tarehe ishirini na nane, siku ambayo benki hufunga hesabu ya mwezi, ili taarifa itakayokwenda CRB ioneshe sifuri. Ukilipa tarehe ishirini na tisa utapoteza mwezi mzima. Kadi usiifunge. Nimemuuliza Katunge: kadi iliyo wazi na isiyodaiwa inakusaidia zaidi kuliko kadi iliyokufa. Miezi miwili ya kuchelewa itabaki kwenye rekodi yako, na unastahili kidogo.

Nilikwenda kwa Katunge mwenyewe, kwa miguu yangu, goti likipinga. Nikamwambia aite rekodi yangu. Akageuza kioo. 713.

"Mwalimu," akasema, "mwezi wa pili ulikuwa chini ya mia sita. Ulifanya nini?"

"Nililipiwa na mtu asiyesoma namba," nikamjibu. "Sasa nataka kumdhamini."

Nimesaini. Mwambie Mutisya aniandikie barua, kwa Kiswahili kilichonyooka, aeleze anahitaji siku ngapi zaidi ya thelathini Juni kabla hajawa mkulima.

Cucu yako,
Dianah Waruguru


Ruiru,
11 Julai 2025

Kwa Cucu, mdhamini wangu,

Hujambo wewe, halijambo goti, hawajambo kuku? Sisi huku hatujambo, na nasema "sisi" kwa sababu sasa niko na tanuri.

Nitakwenda kwa utaratibu, usije ukavaa ile miwani. Nililipa tarehe ishirini na sita Mei, 174,900. Tarakimu nilizisoma mara tatu na jina sikulitazama kabisa. Juni alama zikawa 549. Juzi zimekuwa 587. Bi. Katunge akanikumbusha kwamba Sacco inataka 600, nami moyo ukashuka hadi kwenye viatu. Kisha akasema kamati ilikaa, ikaona deni la kadi ni sifuri kwa miezi miwili, ikaona mdhamini ana 713, na mwenyekiti, ambaye inaonekana ulimfundisha kugawanya kwa tarakimu mbili, akasema hawezi kuandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba amemkataa Mwalimu Dianah. Wamepitisha, Cucu! Mkopo umepita!

Agizo lako la barua lilimtia hofu Mzee Mutisya. Alikuandikia barua nne na kuzichana zote. Mwishowe akaniambia, "Mwambie nyanya yako nimempa hadi atakapotosheka. Yule wa Nairobi nimemwambia tanuri limepata mchumba." Jana alinikabidhi funguo. Aliligonga tanuri mara mbili ubavuni kama mtu anayeaga ng'ombe wake, akaondoka bila kugeuka, halafu akarudi kwa sababu alikuwa amesahau kofia.

Nikaliwasha. Nilichoma jino moja tu, gego, la majaribio. Unalipaka kauri kwa burashi nyembamba, safu juu ya safu, na kabla ya moto linafanana na chaki. Dakika kumi na nne baadaye nikafungua. Lilikuwa linang'aa, na ndani yake kuna kivuli kidogo cha manjano pale chini, kama jino la mtu aliyekula maisha. Nikapiga kelele. Jirani wa karakana naye akagonga ukuta, kisha akaja kuangalia, akaomba aelezwe bei.

Sasa nina ombi, na safari hii usinikatalie. Hayo manne ya mbele nataka kuyafanya upya, mimi mwenyewe, bila malipo. Njoo siku yoyote.

Mjukuu wako,
Waruguru


Ngoingwa, Thika,
15 Julai 2025

Wajina wangu,

Sote wazima. Kuku wa nane ametaga, nami nimeshindwa kuamini hadi nikalishika yai.

Bila malipo, sitaki. Mdhamini hawezi kumruhusu mkopaji wake kuanza biashara kwa kugawa bidhaa. Nitalipa bei kamili, nusu siku ya kupima na nusu siku ya kuchukua, kwa fedha taslimu, na utaniandikia risiti.

Nina sharti moja la kitaalamu. Usinipe meno ya msichana. Nina miaka sabini na minne, nimekunywa chai ya rangi tangu utotoni, na majirani wa meno hayo ni wazee wenzangu. Ile rangi ya manjano uliyoitaja, pale chini, naitaka. Nyingi kiasi unachoona ni haki. Mwaka huu nimecheka mara nyingi na mkono mdomoni, na mkono nao umechoka.

Karanja atanileta Jumamosi saa nne. Nimeshamwambia atakaa nje.

Cucu yako,
Dianah Waruguru